Spidi test inasoma 140 lakini mkutano unaganda: hio busta wacha kwanza

Swali: Fundi habari yako. Niko Kahawa West, nyumba ya ghorofa moja ya kukodi, kazi yangu ni ya mtandaoni, ya wateja wa nje, kwa hivyo mikutano ya video ni kila siku. Nilinunua dishi ya intaneti ya setilaiti, ikafungwa kwa paa kando ya tanki ya maji. Spidi test inasoma 140 mpaka 160 lakini nikiwa kwa mkutano picha inaganda sekunde tano kumi alafu inarudi, siku nzima ni hivyo. Chumba cha chini haishiki kabisa. Stima ikipotea ikirudi nakaa karibu dakika ishirini bila neti. Fundi wa mtaa aliyeifunga anasema ninunue busta ya elfu nane na ati pia dishi haijapointiwa vizuri, anataka elfu mbili na mia tano ya kupanda kuipointi upya. Nifanye nini?

Jibu:

Dadangu, hio elfu nane irudishe kwa pochi kwanza. Nimesoma swali lako mara mbili na ninaona umeandika shida tatu, fundi akazifunga zote kamba moja akazipatia dawa moja. Kuganda kwa mkutano ni shida yake, chumba cha chini ni shida yake, na hio ya stima ni ingine kabisa. Busta, kile kifaa cha kurudia waifai, labda ingegusa ya pili peke yake, na ata hio ingeigusa vibaya, nitakuambia mbona.

Mimi nikiitwa kwa nyumba ya mtu sipandi paa kwanza. Nataka kujua neti inakatikia wapi, maana iko na safari mbili. Ya kwanza ni kutoka laptop yako mpaka kwa rauta, kile kisanduku kinachotoa waifai, hio inapita hewani hapo ndani ya nyumba. Ya pili ni kutoka rauta, kwa ile waya, mpaka dishi na huko juu. Watu wengi yote wanaita waifai, waifai imepotea, waifai inasumbua, na hapo ndio pesa huanza kumwagika kwa sababu unaenda Luthuli, kule kwa maduka ya vifaa vya umeme, kununua dawa ya safari ya kwanza na mgonjwa ni ya pili.

Kwa hivyo fanya hivi leo jioni kabla hujamlipa mtu yeyote. Kaa na laptop karibu kabisa na rauta, kama ni Windows fungua lile dirisha jeusi la kuandika komandi (tafuta cmd), andika ping -t 192.168.1.1 alafu ugonge enter. Hio ni rauta yako mwenyewe unaipigia hodi, kila sekunde. Fungua dirisha la pili uandike ping -t 1.1.1.1, hio sasa inapiga hodi nje kabisa. Yapange yote mawili kando kando, anzisha mkutano na rafiki yako yeyote, na ukiona picha imeganda usiangalie picha, angalia madirisha. Kama lile la rauta linaendelea tu kuhesabu 2ms, 3ms, 2ms bila stress na lile la nje limesimama likaanza kuandika "Request timed out", mara moja, mara mbili, alafu likarudi lenyewe, basi waifai yako haina makosa, shida iko kwa paa. Kama yote mawili yamekufa pamoja hapo ndio tutaongea habari ya rauta. Vile umeeleza, kwamba spidi ni nzuri na kuganda ni kwa sekunde chache chache siku nzima, mimi naweka pesa yangu kwa paa, na hasa kwa hio tanki.

Najua utaniuliza sasa hio 140 inatoka wapi. Spidi test inachukua kama nusu dakika hivi. Ni kama kupima matatu ikiwa imepata Thika Road iko wazi pale Roysambu alafu useme safari yote ya kwenda tao haina jam. Unapima kipande ambacho neti iko sawa, inakupa namba tamu, unafunga, dakika moja baadaye inakatika sekunde sita na hakuna anayepima. YouTube nayo haitakuambia kwa sababu inapakua video mbele kidogo na kuiweka, sekunde sita zikipotea inakula akiba. Mkutano wa video hauna akiba, ni maneno ya saa hii hii, ndio maana wewe wa mikutano unalia na watoto wanaotazama katuni hawajui kuna shida.

Sasa ile ya kupointi. Huyo fundi wako simlaumu sana, ni mtu wa DStv, na kwa DStv anayosema ni kweli. Setilaiti ya DStv inayotuhudumia imesimama digrii 36 mashariki juu ya ikweta, kimo cha karibu kilomita 36,000, na inazunguka sambamba na dunia kwa hivyo ukiiangalia kutoka hapa haisongi. Na sisi Nairobi tuko karibu digrii 37 mashariki, karibu chini yake kabisa, ndio unaona dishi za DStv za huku zinaangalia juu kama sahani inayongoja mvua. Hapo fundi anasukuma dishi milimita kidogo kushoto, kulia, anapata signo, anakaza nati, kazi imeisha miaka kumi.

Setilaiti za intaneti za chini kama za Starlink ni mnyama mwingine. Ziko kama kilomita 550 juu, yaani Nairobi Mombasa na kidogo, na zinakimbia zaidi ya kilomita 27,000 kwa saa. Moja inaingia upande huu wa anga na baada ya dakika chache imeshapotea upande ule, na dishi inapangiwa setilaiti upya kila sekunde 15. Hakuna kitu kimoja cha kupointi! Dishi yenyewe inageuza mwali wake kwa umeme bila kusongesha mwili. Kitu inataka kwako ni kipande kikubwa cha anga kiwe wazi, kama mwavuli uliopinduliwa, kwa ile dishi ya kawaida ni digrii 110 kwa upana. Kupanga uelekeo kuko, lakini ni kule kwa apu ya dishi kwa simu yako, inakuonyesha geuza kidogo hivi, inamisha hivi, mtoto wa darasa la sita anafanya, sio kazi ya elfu mbili na mia tano.

Sasa fikiria tanki yako. Setilaiti inapewa zamu ikiwa upande wa mashariki, sawa, inayofuata iko kaskazini, sawa, inayofuata imepitia nyuma ya tanki, signo inagonga plastiki na maji yote hayo, inakufa, unaganda, dishi inapewa ingine iliyo mahali wazi, unarudi. Ndio sababu ni sekunde tano kumi na sio nusu saa. Ukikatika hivyo mara nyingi kwa siku, neti ikiwa nzima katikati, mara nyingi ni kitu kimesimama mbele ya dishi, na sijataja mti wa jirani maana hukutaja lakini wewe angalia, Kahawa West avokado ziko nyingi na zinakua.

Hesabu ya kupima kwa macho ni hii, siipendi kuiita sayansi lakini inafanya kazi. Kama dishi imelala ikiangalia juu, kitu chochote kikiwa mbali nayo mita kumi kisiizidi kwa urefu zaidi ya mita saba. Mita tano, kisizidi tatu na nusu. Mita mbili kutoka kwa tanki, tanki isiwe imepita dishi kwa zaidi ya mita moja na sentimita arobaini. Tanki nyingi za ploti zimekaa kwa stendi ya chuma, na stendi peke yake ni zaidi ya hapo. Unaona? Na ukipima, pimia kutoka uso wa dishi, sio kutoka kwa mabati.

Apu nayo itakuambia ukweli, fungua pale pa kuangalia vizuizi, iko ramani ya duara inaonyesha anga vile dishi yenyewe imeiona, sehemu nyekundu ndio zimezibwa. Hio ramani haijai mara moja, ipe kama masaa kumi na mbili ndio uiamini, usiihukumu baada ya dakika kumi. Pia iko ile ya kutembea na simu ukiipiga picha anga kabla hujafunga dishi, hio ndio huyo fundi angefanya siku ya kwanza. Na iko orodha ya kukatika na sababu zake, kama nyingi zimeandikwa ni vizuizi basi mjadala umeisha.

Dawa ni kuhamisha dishi au kuiinua juu ya tanki. Ongea na landlodi kabla, au keateka kama ndio mwenye sauti, maana mabati ni yake na mvua ikianza kuingia kwa sebule ya mtu utaitwa wewe. Mimi napenda paipu ya chuma ya inchi moja na nusu ifungwe kwa ukuta wa pembeni na breketi mbili, ipande mita mbili juu ya paa, bila kugusa mabati. Kama lazima iwe kwa mabati, shimo litobolewe pale mgongo wa bati ulipoinuka, sio kwa mfereji maji yanapopita, na msumari uwe na raba yake. Paipu isicheze! Dishi ikitikisika na upepo unatengeneza shida mpya ukiponya ya zamani.

Hapo kwa kuhamisha ndio watu huharibu, kwa sababu waya ya dishi ya kawaida ni mita 15 na ikihama haifiki. Nilikuwa Githurai mwaka jana kwa jamaa mmoja dishi yake inajizima na kuwaka yenyewe, hasa usiku. Ameshabadilisha rauta. Nikaomba kuona waya aliyoongezewa, iko kwa dari, mita thelathini na kitu, nikakata kipande nikachuna, nikakwaruza kale kawaya ka ndani na wembe. Juu rangi ya shaba, ndani nyeupe kama bati. Aluminiamu iliyopakwa kopa, yaani shaba. Kumbuka hio waya haibebi data peke yake, inabeba na umeme wa kuendesha dishi, sasa aluminiamu nyembamba kwa urefu huo inakula volti njiani, dishi ikitaka kuvuta nguvu zaidi inakosa, inazima. Tukaweka ya kopa tupu, ile nene ya kuwekwa nje, mpaka leo hajanipigia. Kwa hivyo ukiongeza waya, kwaruza kwanza pale dukani, muuzaji akikukatalia nenda duka la pili, hapo Luthuli hazijaisha. Na kichwa cha waya kikiingia kwa dishi kisukume mpaka kikae, kiko na raba inakaza, watu wanaogopa wanakiacha nusu, mvua ya kwanza inaingia. Usiipitishe kwa dirisha la chuma lile la kufungwa kwa nguvu, itafinywa, toboa ukuta kashimo kadogo, na kule nje ipite ndani ya paipu ya konduti, kunguru wa Nairobi hawana huruma.

Tukuje kwa stima. Dakika ishirini ni nyingi mno. Dishi ikizimika na kuwaka inahitaji dakika chache kujipanga na kutafuta setilaiti, tuseme tatu mpaka tano, ikiwa na anga wazi. Yako inatafuta ikiwa imezibwa kwa hivyo nina uhakika ukihamisha dishi hizo dakika zitapungua. Lakini nikuulize kitu: umechomeka wapi? Kama umechomeka kwa gadi ya friji, kile kifaa cha kuilinda na stima mbaya, hio gadi yenyewe imetengenezwa isubiri dakika kadhaa stima ikirudi ndio kompresa ya friji isiungue, na kama stima ya kwenu inarudi ikicheza cheza inaanza kuhesabu upya kila mara. Neti haina kompresa. Weka gadi ya TV, inasubiri sekunde tu, ama bora zaidi weka yu-pi-es ndogo, lile boksi la betri linaloshika stima ikipotea, na hautajua ata stima imeenda.

Hesabu ya yu-pi-es usidanganywe. Dishi ya kawaida na rauta yake zinakula kama wati 75 mpaka 100. Ile yu-pi-es ndogo ya kompyuta iko na betri ya volti 12 na ampia 7, hio ni wati 84 kwa muda wa saa moja kwa karatasi, ukitoa zinazopotea kwa kugeuza umeme utapata nusu saa hivi, ata pungufu betri ikizeeka. Inatosha kumaliza mkutano ukaaga watu vizuri. Ukitaka jioni nzima tafuta betri ya ampia 100 na inveta yake, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, hio utapata masaa kama sita bila kuiua betri. Wale wa dishi ndogo, ile ya mini, wamebahatika, inakula wati 25 mpaka 40 na inakubali umeme wa betri moja kwa moja bila inveta.

Chumba cha chini sasa. Hapa ndio busta inaingia akilini na hapa ndio sitaki uinunue. Katikati ya juu na chini iko slabu ya zege na nondo ndani, na kuta ni mawe, waifai haipendi vyote viwili. Busta haina uchawi, inasikia rauta alafu inarudia vile imesikia, sasa ukiiweka chini ambapo haisikii vizuri itarudia uongo, na ukiiweka kwa ngazi inatumia hewa moja kusikia na kusema kwa hivyo spidi inakatwa nusu ama zaidi. Njia ya bei nafuu na ya kudumu ni waya ya neti kutoka nyuma ya rauta, angalia matundu ya kuchomeka pale nyuma, ipitishe kwa ngazi mpaka chumba cha chini, alafu mwishoni uchomeke rauta yoyote ya zamani ulionayo, ata ile uliachiwa na kampuni ya faiba uliohama. Iingie kwa settings uzime DHCP, hio ni kazi ya kugawa anwani, wawili wakigawa watagombana, umpe anwani tofauti na ile ya rauta kubwa, alafu waya uchomeke kwa matundu ya LAN sio ile ya rangi tofauti iliyoandikwa WAN. Upe jina na paswadi sawa na ya juu na simu itahama yenyewe. Kwa hii waya ata ya bei ya chini haina shida sana kwa sababu haibebi umeme.

Na rauta ya juu itoe nyuma ya TV kama iko hapo, sijui ni nani alifundisha Wakenya kuficha rauta nyuma ya TV. Weka karibu na ngazi, mahali wazi.

Kuna mambo mawili nakuambia ujue ndio usinipigie bure. La kwanza, jioni saa mbili mpaka saa tano usiku spidi itashuka, hio 140 inaweza kuwa 60 ama chini ya hapo, ni watu wote wamerudi nyumbani mnagawana anga moja. Starlink iliingia Kenya Julai 2023 na kufikia Novemba 2024 ilikuwa imejaa Nairobi na kaunti jirani mpaka wakasimamisha kuuza kwa wateja wapya, wakafungua tena katikati ya 2025. Kupungua spidi si kuganda, usichanganye. La pili ni mvua. Ile mvua nyepesi ya Julai haifanyi kitu, lakini ile ya Aprili inayokuja na giza na upepo inaweza kukata dakika mbili tatu, maji yenyewe hewani yanakula signo, hakuna fundi wa kutibu hio. Usifunike dishi! Nilipata mzee mmoja Kasarani amefunikia yake karai ya kufulia, ya chuma, ati isinyeshewe, na ananiuliza mbona haishiki.

Fuata hivi: hizo ping leo, kesho asubuhi fungua ramani ya vizuizi uipige skrinshoti, uniambie dishi na tanki ziko umbali wa hatua ngapi na tanki imeizidi kwa kimo gani. Kama fundi wako bado anataka ile elfu mbili na mia tano, mpe ya kuhamisha dishi na kufunga paipu, hio ni kazi na anaiweza. Ya kupointi usimpe.